Wakili Aliyekubalika

Asubuhi ile niliamka kabla ya wenzangu, nikakunja shuka, nikashika njia ya Pugu bila kumuaga mtu na bila kujua ninakokwenda. Nilikuwa na miaka kumi na minane, labda kumi na tisa. Shule nilikuwa nimeiacha zamani. Sikufukuzwa. Siku moja nilitaka kujua reli inaishia wapi, nikaifuata, na niliporudi walimu walikuwa wamekwisha kulifuta jina langu. Nikabaki na Kiingereza cha kuungaunga, mwandiko mzuri, na tabia ya kuuliza maswali ambayo hayanihusu. Alasiri niliingia Kariakoo miguu imevimba, nikafuata harufu ya tui mpaka kwenye ua wa mwanamke aliyekuwa akiwapakulia makuli wa bandarini wali na maharage. Nikamwambia sina kitu. Aliitazama miguu yangu, uso hakuutazama. "Kuni zile pale," akasema, "na shoka lile pale. Ukimaliza utakula." Nilikaa kwake mwaka mzima kasoro siku chache.

Yule mwanamke alikuwa Bi Hanifa, na mwezi uliopita nilikwenda kwenye matanga yake Magomeni. Nilipata habari kwa bahati, kutoka kwa mtu wa sokoni ambaye hakujua kwamba ananipa msiba. Nikaketi mkekani pamoja na wanaume ambao hawakunijua, nikala wali wa watu, na mzee mmoja aliyekaa karibu nami akaniuliza kwa upole, "Wewe ni nani wa marehemu?" Nikasema, "Nilikaa kwake zamani." Akaitikia kwa kichwa, akanisogezea maji ya kunawa. Jibu lile lilikuwa kweli, na tangu siku ile limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Ndiyo maana naandika.

Nyumba yenyewe ya Kariakoo ilikuwa ya udongo na miti, vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi mrefu katikati, na ua nyuma. Paa lilikuwa la madebe yaliyokunjuliwa, na mvua iliponyesha hatukusikilizana. Kuta za ndani hazikufika juu, kwa hiyo siri ya chumba cha kwanza ilikuwa habari ya chumba cha sita. Nilijua nani kagombana na mkewe, nani anasali, nani anajifanya anasali. Changu kilikuwa cha mwisho, kimegusana na jiko, na ukuta wake ulikuwa mweusi hata nikiuegemea naondoka na mgongo wa masizi. Chumba cha mbele alikaa mwenye nyumba, Mzee Kibwana, mtu mkavu, mpole, asiye na mke wala mtoto, ambaye kila alfajiri alikunywa kahawa barazani na kila alfajiri alinipa kikombe cha pili kwa sababu nilimsomea chochote kilichoandikwa. Nilimwandikia na barua. Mara mbili mwaka ule nilimwandikia salamu za kwenda Pangani, kwa binti wa marehemu kaka yake, aliyeitwa Tatu, aliyeolewa huko na fundi seremala. Makuli walikuja adhuhuri, jasho limewakaukia mgongoni chumvi tupu, na kwa kuwa waliniona na kalamu wakanipa jina. "Karani wa sufuria!" walinipigia kelele. "Hebu tusomee, maharage ya leo yanasema nini?" Na Bi Hanifa huku amegeuza mwiko: "Yanasema wewe una sahani mbili za juzi hujazilipa. Kula kimya."

Alikuwa na sauti ya kuamrisha na macho yaliyochoka. Alinisimulia, mchana mmoja tukichambua mchele, kwamba ameshahamishwa nyumba nne. Mara moja mwenye nyumba alioza binti akataka chumba. Mara moja mwenye nyumba alikufa na warithi wakauza. Mara mbili hakuambiwa sababu. "Kila nikihama," alisema, "jungu kubwa linavunjika. Sijui kwa nini. Unalibeba kwa mikono miwili, unalifunga magunia, linafika lina ufa. Unaanza tena kutafuta jungu, unatafuta na watu wa kula." Hakulia. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. Basi Mzee Kibwana alipomwita barazani na kumwambia kwamba anataka kurudi kwao Mkuranga akafie kwa jamaa zake, nilikuwa ukumbini na nilimsikia akisema, "Hanifa, miaka tisa umefagia ua huu. Kabla sijamwita dalali, nakuuliza wewe." Kisha Bi Hanifa akasema, "Nipe mpaka baada ya Idi, kaka yangu. Usimwite mtu."

Alikuwa na nusu ya bei, amejiwekea katika miaka yote ile. Nusu nyingine aliiomba kwa Bwana Salmini, Mwarabu wa Kishihiri mwenye duka la pembeni, aliyekuwa akimuuzia mchele na mafuta tangu alipoanza kupika. Sitaki kumfanya Bwana Salmini kuwa shetani, kwa sababu hakuwa. Alimpa kiti, alimpa kahawa na tende, akamuuliza habari za mguu wake unaouma. Akakubali kumkopesha kwa rehani ya nyumba ileile. Sharti lake lilikuwa moja. "Karatasi, Bi Hanifa," akasema. "Karatasi iandikwe na wakili ninayemkubali mimi. Nimewahi kukopesha kwa karatasi ya mwandishi wa barazani, ina mihuri mitatu na maua pembeni. Hakimu aliitazama akacheka. Nikabaki na maua." Akanitazama mimi niliyemfuata Bi Hanifa, akanitajia mawakili watatu, nami nikawaandika kwenye kipande cha karatasi ya sukari. "Mmoja wa hawa. Mwingine yeyote, hata awe kaka yake Gavana, sitatoa fedha."

Tulihangaika wiki mbili na nusu. Kila siku makuli wakishakula Bi Hanifa alioga, akajifunga kanga mpya, akanifungia mimi kifungo cha shati kilichobaki, na tukaondoka kwa miguu. Wakili wa kwanza alikuwa Mzungu, upande wa baharini, kwenye nyumba yenye bustani. Hatukuvuka lango. Mtumishi wake, mtu wa kwetu kabisa, alitutazama toka juu mpaka chini. "Nyumba ya nini?" akauliza. Nikasema ya udongo, Kariakoo. "Bwana hasomi udongo," akasema, akafurahi sana kwa maneno yake mwenyewe. Wakili wa pili alikuwa amesafiri kwenda Bombei kuoza mtoto, na hakuna aliyejua atarudi na meli gani. Siku tatu tulirudi tukiuliza, mpaka mlinzi akamwambia Bi Hanifa, "Mama, hata mkewe hamngoji hivi." Njiani tulipita kwa wale waandishi wa barazani karibu na soko, na mmoja, mwenye miwani ya jicho moja, alituita: "Njoo, dada! Mawakili watakumaliza! Mimi nakuandikia leo hii, kwa Kizungu cha mahakamani!" Bi Hanifa akamjibu bila kusimama, "Andika, karatasi yako nitafungia maandazi." Hiyo ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka tukicheka pamoja.

Wa tatu tulimpata Uhindini, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Ngazi zilikuwa za mbao na nyembamba, na Bi Hanifa alizipanda akishika ukuta kwa sababu ya mguu. Juu kulikuwa na karani Mgoa, Bwana Fransisi, aliyekijua Kiswahili vizuri kuliko baadhi yetu, na nyuma yake chumba cha wakili: kabati la vitabu vinene, bilauri ya maji iliyofunikwa kwa kisahani, dirisha lililoleta kelele za wauza kanga. Wakili alikuwa kijana kuliko nilivyotazamia, Mhindi mwembamba mwenye kikohozi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia chai. Bwana Fransisi alikuwa ametumwa mahakamani siku ile, akawa anatoka tunapoingia, kwa hiyo wakili akaniuliza kwa Kiingereza kama naweza kufasiri. Nikasema naweza. Sijawahi kuona fahari kama ile. Alinielekeza kiti. Mimi, niliyekuwa nakalia gogo.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kijana wa leo huenda asilione. Sisi tulilijua neno wakili tangu utotoni, na tulilijua kwa maana yetu. Binti akiolewa huweka wakili amsemee mbele ya shehe, naye hasemi ila lile alilotumwa. Ukidai shamba kwa kadhi na wewe ni mwanamke au mgonjwa, unaweka wakili, na kuanzia hapo mdomo wake ni mdomo wako. Unamweleza yote, hata yanayokuaibisha, kwa sababu akikosa kujua atashindwa kukutetea. Bi Hanifa alikuwa ametoa ada ya wakili kwa mkono wake mwenyewe, pale mezani, kabla hajaketi. Kwa hesabu ya moyo wake yule kijana mwenye kikohozi alikuwa ameshakuwa mtu wake. Akavuta pumzi, akaanza kumwambia yote.

Alimwambia kwamba kiwanja, kwenye buku la bomani, hakikuandikwa jina la Mzee Kibwana. Kiliandikwa jina la kaka yake, Mzee Athumani, aliyefariki miaka mingi. Kaka alipokufa hakuna aliyekwenda kubadilisha. Kwenda bomani ni kuulizwa maswali, na Mzee Kibwana aliona maadamu kodi ya kiwanja inalipwa kila mwaka, kuna ubaya gani? Alilipa kwa jina la marehemu, akapewa stakabadhi kwa jina la marehemu, akazitia katika kopo la bati. Nusu ya mtaa wetu ilikuwa hivyo. Boma lilikuwa likipokea kodi kutoka makaburini na hakuna aliyeona ajabu. "Sasa mwambie," Bi Hanifa akaniambia, "marehemu aliacha binti mmoja. Kwa sheria yetu nusu ni ya yule binti, na nusu ya Mzee Kibwana. Mimi sitaki nyumba ya kumdhulumu yatima. Mwambie aandike kwamba katika bei ninayotoa, nusu yake apewe yule binti mkononi mwake, halafu aniandikie nyumba iwe halali." Nikafasiri. Nilifasiri vizuri, hata leo naweza kusema hivyo. Wakili akaacha kuandika, akaniangalia mimi, si yeye, akasema Kiingereza changu ni kizuri sana, nimesomea wapi? Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza saa, iwapo huyo mrithi anajulikana alipo.

Swali hilo sikulifasiri. Nililijibu mwenyewe. Nikasema, ndiyo bwana, namjua, anaitwa Tatu binti Athumani, anakaa Pangani, mumewe ni seremala, nyumba yao iko nyuma ya soko la samaki, mimi ndiye ninayewaandikia barua. Nikamwandikia na anuani, kwa mwandiko wangu mzuri, kwenye karatasi yake. Bi Hanifa alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, mikono mapajani, anatabasamu kidogo kama mtu anayesikiliza mtoto wake akisoma Kurani.

Tukarudi nyumbani tukiwa tumemaliza. Alinipikia peke yangu siku ile: samaki wa kupaka, nguru, kutoka Feri, na mkate wa kumimina. Alisema atakapopata karatasi atakwenda Pangani mwenyewe akamwone Tatu, amshike mkono. Wiki ya pili alinunua chokaa. Mzee Kibwana akamtania, "Unapaka nyumba ya mtu, Hanifa?" naye akajibu, "Napaka ukuta wangu, wewe ndiye mpangaji." Tulipaka ukumbi wote pamoja na chumba changu, mpaka ule ukuta wa masizi, mara tatu, ukaishia kijivu. Wiki ya tatu nilitumwa kuuliza, Bwana Fransisi akasema bado. Wiki ya nne akasema bado. Ya sita, Mzee Kibwana aliitwa dukani kwa Bwana Salmini asubuhi, na aliporudi hakuketi barazani. Aliingia chumbani, akafunga mlango, na kwa kuwa kuta hazikufika juu, nyumba nzima ilimsikia akilia.

Bi Hanifa alikwenda dukani na mimi nyuma yake, bado ana unga mikononi. Bwana Salmini alisimama alipomwona. Alimpa kiti, naye akakikataa. "Bi Hanifa," akasema, "mimi sikukuibia. Wakili aliniandikia, ndiyo kazi yake. Aliniambia nyumba ina wenyewe wawili, na kwamba mwuzaji hana ruhusa ya kuuza peke yake. Ningekukopesha kwa nyumba ambayo kesho mtu wa Pangani angekuja kuidai? Wewe ungekopesha?"

"Ungeniambia mimi."

"Nikuambie nini? Nilimtuma mtu Pangani. Yule binti alifurahi, hata hakujua kama ana kitu. Alipokwisha kuniuzia nusu yake, Kibwana angefanya nini na nusu iliyobaki? Apige ukuta katikati ya ukumbi?" Alisema haya bila kebehi. Alikuwa akieleza. "Mlikuwa na nyumba ya watu wawili. Nikawanunua wote wawili. Chumba chako ukae, sina neno, kodi tutazungumza. Ua tu nitauhitaji. Nataka ghala la magunia."

"Ua ndio jiko langu, Bwana Salmini."

"Najua," akasema, na nadhani kweli alijua.

Kesho yake nilikwenda Uhindini peke yangu, nikapanda zile ngazi mbili mbili. Wakili alikuwa ndani na mtu. Nilimwuliza Bwana Fransisi, kwa sauti ambayo sasa naona ilikuwa ya mtoto, imekuwaje wakili achukue ada yetu na kwenda kusema maneno yetu kwa mtu mwingine. Bwana Fransisi akaweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya. "Jina la wakili huyu mlipewa na nani?" akauliza.

"Na Bwana Salmini."

"Basi." Akasubiri nielewe. "Mwenye kukopesha huchagua jicho la kumtazamia. Mkopaji hulilipia jicho hilo. Ndivyo inavyokwenda, bwana mdogo, kwa Wazungu na kwa Wahindi na kwa kila mtu. Kama mlitaka wakili wenu, mngetafuta mwingine."

"Hakuna aliyetuambia."

"Mliuliza?"

Nilikuwa nimeuliza kila kitu mwaka ule. Niliuliza taa za barabarani zinawashwa na nani, niliuliza kwa nini Wagoa hula nguruwe, niliuliza meli ina chuma kiasi gani. Hilo sikuliuliza. Nimeishi miaka mingi baadaye, nimefanya kazi katika ofisi zenye makabati kama yale, na nimeona kwamba yule karani alisema kweli na yule wakili hakuvunja sheria yoyote. Kwa hiyo sina pa kuiweka lawama. Nikiisogeza kwa Salmini inateleza, nikiisogeza kwa wakili inateleza, mwisho inarudi kwenye karatasi yenye anuani ya Pangani na mwandiko wangu mzuri.

Makuli walipoambiwa jiko linafungwa walinung'unika siku mbili, wakahamia kwa mwanamke mwingine upande wa Gerezani. Hata utani wao waliuchukua. Mzee Kibwana aliondoka kwenda Mkuranga na kopo lake la stakabadhi, na hakumtazama Bi Hanifa machoni. Bi Hanifa alipata chumba kwa jamaa yake, Magomeni, ambako wakati ule kulikuwa mashamba na nyumba chache. Tulifunga vyombo pamoja. Alikuwa akilifunga jungu kubwa kwa magunia, na bila kuinua uso akasema, "Mimi sikumwambia wakili jina la Tatu."

Nikaendelea kumkunjulia magunia.

"Nilipokuwa nimekaa pale, katika kile Kizungu chenu, nilisikia umesema Tatu. Kisha nikasikia umesema Pangani. Nikasema moyoni, kijana huyu anajua anachokifanya, niache nisimkatize." Akaikaza kamba kwa meno. "Shika upande huo."

Nikashika upande huo. Tulilibeba mpaka kwenye mkokoteni. Nilitaka kusema neno, hata nilifungua kinywa, naye akanitazama, uso safari hii, akatikisa kichwa polepole, akiniambia nisijisumbue. Sikupata kusema. Nilikuwa na nafasi miaka zaidi ya thelathini, maana baadaye nilirudi mjini, na kutoka mjini mpaka Magomeni si mbali, na sikwenda mpaka nilipokwenda kula wali wa matanga.

Siku ya pili baada ya kufunga vile vyombo nilipanda gari moshi, daraja la tatu, kwa ujira wangu wa kuni. Sikuchagua mji. Nilikata tiketi ya pale fedha zilipoishia, na zikaishia Morogoro. Mvua ilikuwa inanyesha nilipoteremka, milima imefichwa na ukungu, na nilizunguka nyuma ya stesheni nikiuliza chumba mpaka nikaelekezwa kwa mzee mmoja Mluguru, mjane, mwenye nyumba ya vyumba vinne. Nilimsalimu shikamoo, akaniitikia marahaba, akanitazama jinsi nilivyolowa. Alisema chumba kipo, kina kitanda cha kamba, choo kiko nje, na nikiwa tayari kumtekea maji asubuhi atanipunguzia. Akanipa ugali na mboga ya kunde, akaketi mbele yangu nikila, na nilipomaliza akavua kofia, akatoa ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nyingi, ina muhuri.

"Mwanangu," akasema, "hii waliniletea watu wa shamba la mkonge, wanataka nitie dole gumba. Wewe unaonekana mtu wa mjini. Unajua kusoma?"

Niliiona mistari ya Kiingereza kwa juu. Nikanawa mikono.

"Hapana, mzee," nikasema. "Sijui."

Hakunilaumu. Aliikunja karatasi kama ilivyokuwa, akairudisha ndani ya kofia, akachukua taa na kunionyesha chumba.